Ditekta ya dhahabu kwa ardhi ya Nzega na Sikonge: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla ya kutaja mashine hata moja, ieleweke kwamba ditekta haioni vumbi la dhahabu. Dhahabu nyingi ya Nzega, mkoani Tabora, ikiwemo ile iliyochimbwa Golden Pride pale Lusu hadi mgodi ulipofungwa mwaka 2014, imesambaa ndani ya mwamba kwa punje ndogo mno kuonekana kwa jicho. Mwamba wa namna hiyo unaweza kuwa tajiri kwa gramu kwa tani na ditekta ikapita juu yake kimya. Mashine inachokisikia ni kipande: chenga, tone au bonge lililojitenga na mwamba, au lililoganda kwenye jiwe la kwatzi. Hata kwenye jiwe, dhahabu iliyotawanyika kama sindano haitoi sauti sawa na kipande kizima cha uzito uleule.

Kwa hiyo mwenye duara (shimo la kuchimbia) anayetaka kujua mwamba unaelekea wapi asinunue ditekta, apeleke sampuli maabara. Ditekta ni ya anayetembea juu ya ardhi: miteremko iliyo chini ya mishipa ya kwatzi, vijito vinavyokauka kiangazi, kokoto nyekundu zilizofunika mwamba, na magwangala (malundo ya mabaki ya mawe) ya mashimo ya zamani, ambako vipande vilitupwa pamoja na mawe kwa sababu vilikuwa vimevikwa udongo.

Kinachoamua ununue nini ni zile kokoto nyekundu. Zimejaa chuma, na chuma hicho huijibu mashine kama vile kuna madini chini. Mashine za kutafutia dhahabu ziko za aina mbili. Ya kwanza huandikwa VLF kwenye boksi: hutuma wimbi bila kukoma na kusikiliza papo hapo. Ni nyepesi, ya bei nafuu, hutambua msumari kwa kiasi fulani, na kwenye mchanga mweupe au udongo wa kijivu husikia chenga ndogo ajabu. Ikifika kwenye kokoto nyekundu inalewa. Utalazimika kuipunguza nguvu, na kina kinapungua, pengine hadi nusu. Ya pili huandikwa PI: hutuma mpigo mfupi wa umeme, inazima, kisha inasikiliza mwangwi unaobaki kwenye metali. Kelele nyingi za udongo huwa zimekwisha kufa wakati huo. PI hufika chini zaidi kwenye ardhi ya chuma, lakini bei yake ni kubwa na haibagui vizuri msumari na dhahabu. Utachimba takataka nyingi.

Ukishajua hilo, orodha inajipanga. Bei tunazotaja ni makadirio ya madukani Marekani. Usafiri na ushuru wa forodha ni juu yako, na VAT ya asilimia 18 haikwepeki.

1. Minelab GPX 6000: kama mnachanga

Ni PI, ilitoka mwaka 2021, na bei yake ni kama dola 6,000 na ushee. Tunaiweka juu kwa sababu mbili: inasikia chenga ndogo ambazo PI za zamani ziliziruka, na inajirekebisha yenyewe udongo unapobadilika. Ukitoka kwenye mbuga nyeusi ukapanda kilima chenye kokoto, huna vitufe kumi vya kuhangaika navyo. Chaguo la udongo ni la kawaida au mgumu, basi. Uzito wake ni kilo 2 na kidogo, kwa hiyo mtu anaizungusha tangu asubuhi hadi saa nane mchana bila bega kumuuma sana.

Huja na koili, yaani ile sahani ya chini inayopitishwa juu ya ardhi, ya inchi 11 ya waya mmoja. Hiyo ndiyo itumike siku nyingi. Koili ya inchi 14 ya aina ya DD (nyaya mbili zinazopishana) ni ya kutulizia kelele, hasa karibu na nyaya za umeme. Spika yake ya ndani inaweza kuleta kelele yenyewe, na wengi hudhani mashine ni mbovu. Vaa hedifoni, kelele inapungua. Tatizo lake kubwa ni betri yake maalumu: ikifa huko Kitunda, Sikonge, hakuna duka la kuibadilisha. Nenda na betri ya pili na chaja ya gari ya volti 12, au sola yenye betri yake.

Kwa mtu mmoja asiye na leseni wala eneo la uhakika, hela hiyo ni nyingi mno. Kwa kikundi cha watu wanne au watano wenye leseni ndogo ya uchimbaji, hatuoni nyingine ya kuishinda.

2. Minelab SDC 2300: kwa mtu mmoja

Hii nayo ni PI, kati ya dola 3,000 na 4,000. Koili yake ni ya inchi 8 na haibadiliki. Inajikunja ikaingia kwenye begi la mgongoni, na inazama majini hadi mita 3, hivyo mvua ya Machi haiisumbui na unaweza kupekua dimbwi la kijito. Kwenye kokoto nyekundu chenga ya robo gramu inaisikia vizuri kama iko karibu. Bonge lililolala chini sana italipita, maana koili ni ndogo. Ardhi ambayo tayari imepitiwa na wenye mashine kubwa ndiyo mahali pake, kwa sababu wale walichukua mabonge wakaacha chenga.

Inatumia betri nne za ukubwa wa C. Betri za tochi kubwa zinazouzwa kila kijiji ni za D, haziingii. Nunua za kuchaji seti mbili ukiwa mjini.

3. Minelab GPX 5000 au 4500: ikiwa halisi

Tungeipa nafasi ya pili kama soko lisingejaa bandia. Hizi ni kati ya mashine zinazoigwa sana Afrika. Ikiwa halisi, ni farasi wa kazi: inakubali koili za kila ukubwa, na kwa mabonge ya gramu kadhaa yaliyolala chini bado inaheshimika. Lakini inataka mtu anayejifunza. Kuna mipangilio mingi ya mpigo; kwenye kokoto nyekundu nzito anza na Enhance, au Fine Gold kwa 5000, usiende kwenye Normal kwa tamaa ya kina, kwani kelele zitakumaliza. Betri yake hukaa mgongoni kwa mikanda, na iliyotumika miaka mingi huisha saa tano asubuhi badala ya jioni.

Wengi huuliza kuhusu koili kubwa. Ukubwa maradufu hauleti kina maradufu: nguvu ya mwangwi hushuka kwa kasi kubwa kadiri kipande kinavyokaa mbali, na koili kubwa huwa kiziwi kwa chenga. Inchi 11 kwa kazi ya kila siku. Inchi 16 au zaidi pale tu mabonge yalipokwisha kuonekana.

4. Minelab Gold Monster 1000

VLF ya kilohezi 45, kwenye dola 1,000 au pungufu kidogo. Ndiyo tunayompendekeza anayeanza, mradi aelewe itamfaa wapi: vijito vya mchanga, udongo mweupe, mwamba uliosafishwa, na kupekua magwangala jiwe moja moja. Inajisawazisha yenyewe na udongo, na ina alama kwenye skrini inayokisia kama kitu ni chuma au la. Usiiamini sana alama hiyo. Dhahabu ndogo kwenye udongo wa chuma huweza kusomeka kama msumari. Huja na koili mbili. Ile ndogo ya inchi 5 ndiyo ya kupenyeza kati ya mawe na mizizi, na wengi huiacha kwenye boksi bure.

5. Fisher Gold Bug 2, Nokta Gold Kruzer na ndugu zao

VLF za masafa ya juu, kilohezi 71 na 61. Kali kwa chenga, dhaifu kwa kina. Gold Bug 2 husawazishwa kwa mkono, kwa hiyo kila baada ya hatua kadhaa unapandisha na kushusha koili ukirekebisha hadi mvumo utulie. Kuhusu mashine za kila kazi kama Equinox 800: zina upande wa dhahabu, unafanya kazi, ila unalipia pia uwezo wa kutafuta sarafu ambao huna haja nao.

GPZ 7000 hatukuipanga. Ina kina kikubwa kweli, lakini kilo zake zaidi ya 3 na bei yake haviendani na mtafutaji wa hapa.

Za kuacha dukani

Vile vifaa vyenye antena mbili, au kishikio na fimbo inayogeuka, vinavyodaiwa kunusa dhahabu umbali wa mita mia tano au kilomita. Havifanyi kazi. Si kwamba ni dhaifu. Ndani hamna kitu chenye uwezo huo. Muuzaji atakuonyesha fimbo ikigeukia pete yake, kwa sababu anajua pete iko wapi. Mwambie afumbwe macho, pete ifichwe chini ya moja ya sahani kumi, arudie mara kumi. Atakumbuka ana safari.

Za pili ni ditekta za rangi ya njano za laki mbili au tatu. Hizo ni za sarafu ufukweni. Kwenye kokoto nyekundu hulia mfululizo.

Za tatu ni GPX "mpya kabisa" ya milioni moja na nusu. Piga hesabu: mashine halisi ni mamilioni mengi hata kabla ya kusafirishwa. Anayekuuzia kwa bei hiyo amekuuzia plastiki.

Kupima kabla ya kulipa

Usipimie dukani, taa, nondo za sakafuni na simu huharibu kipimo. Toka nje, nenda uwanja wa udongo mwekundu. Chukua chenga halisi ya gramu 0.2 hadi 0.5, ibandike kwa gundi ya karatasi kwenye kadi ya plastiki. Pete haifai kwa kipimo: ni duara, na duara husikika mbali kuliko kipande cha uzito uleule.

Washa mashine, iache dakika mbili. Pandisha na kushusha koili kati ya sentimita 5 na 30 juu ya ardhi. Mvumo ukipanda na kushuka kila mara, na hautulii hata baada ya kusawazisha, mashine haiwezi udongo wa huku, au ni bandia. Kisha gongagonga koili kwa kidole na kutikisa waya wake: ikilia, waya umekatika ndani au koili ina ufa, na nyasi zitaifanya ilie siku nzima. Mwisho fukia kadi sentimita 5, halafu 10, na pitisha koili polepole. Mashine yenye thamani ya dola 3,000 isiyosikia nusu gramu kwa sentimita 5 kwenye udongo ule, irudishe.

Namba ya mashine iandike na uihakikishe kwa mtengenezaji au muuzaji aliyeidhinishwa kabla hela haijatoka. Stika iliyobabuliwa au maneno yenye makosa ya tahajia kwenye skrini yanatosha kuondoka.

Usimalize hela yote kwenye mashine

Bakiza angalau sehemu moja kwa kumi. Kifuniko cha chini cha koili, maana kokoto huila. Hedifoni. Kikombe cha plastiki cha kuchotea udongo. Jembe dogo la mkono lenye sumaku nyuma: ukichimba, pitisha sumaku kwanza, msumari utajileta. Tabora ina takataka zake: misumari na waya za mabani ya tumbaku, waya za kutundikia mizinga ya nyuki, maganda ya risasi. Ganda la risasi hulia vizuri kama dhahabu, na huna ujanja ila kuchimba.

Viatu visiwe na chuma puani, simu ikae kambini, na ditekta mbili zitenganishwe mita 30 au zaidi. Koili ikae karibu na ardhi, sentimita 2 au 3, ikienda sambamba nayo hadi mwisho wa mzunguko; wengi huinua mkono pembeni na kupoteza nusu ya kina bila kujua. Ndiyo sababu miezi ya Agosti hadi Oktoba, nyasi zikiwa zimeungua, ni bora kuliko Februari nyasi zikiwa kifuani.

Jambo la karatasi nalo lina gharama yake. Ditekta si leseni. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Watanzania pekee, hudumu miaka 7, na eneo la dhahabu halizidi hekta 10. Kama eneo ni la mwingine, andikianeni mgao kabla ya kuwasha mashine, kwa asilimia, na mseme nani analipia betri. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla usionekane na mashine hiyo hata ikiwa imezimwa, na kwenye misitu ya hifadhi ulizia TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kwanza. Utakachopata kinauzwa soko la madini au kituo cha ununuzi, ukiwa na leseni au barua ya mwenye leseni mkononi.