Miezi Saba na Mfumo wa Kufuatilia Sampuli za Mahindi: Tathmini ya Mteja wa Nairobi

Kwa muda wa miezi saba sasa, kila shehena ya mahindi inayoingia katika kinu chetu hapa Eneo la Viwanda, Nairobi, hutolewa sampuli na kupelekwa kwenye maabara moja ya binafsi iliyo upande wa Barabara ya Mombasa, ambako hufuatiliwa kwa mfumo wa kompyuta ambao mteja anaweza kuufungua kwenye simu yake. Kipimo chenyewe ni kile cha sumukuvu, au aflatoksini kama wengi wetu tunavyoiita, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Ninachotathmini hapa ni huduma ya ufuatiliaji, yaani kumbukumbu ya nani aliishika sampuli, saa ngapi, ikiwa na uzito gani, na akaifanyia nini. Jina la maabara nimeliacha, kwa kuwa ninayo malalamiko ambayo bado tunayajadili nao.

Mfumo huu haukutungwa kwa ajili ya mahindi. Meneja wa maabara alinieleza kuwa uliundwa kwanza kwa maabara za Marekani zinazopima bangi katika majimbo yaliyoihalalisha, na fomu yake ya kusajili sampuli bado ina nafasi ya kuandika kundi la mavuno. Hapa kwetu bangi imepigwa marufuku na sheria ya dawa za kulevya ya 1994, lakini sababu zilizowafanya Wamarekani waufuatilie mzigo kwa ukali kiasi hicho zinatuhusu moja kwa moja. Katika jimbo la California, kundi moja la mavuno linalopimwa halizidi pauni 50, ambazo ni kama kilo 23, na haliruhusiwi kufika dukani kabla ya kufaulu vipimo. Sampuli huchukuliwa na mfanyakazi wa maabara, wala si mwenye mali, tendo hilo hurekodiwa kwa video, na majibu huingizwa na maabara yenyewe kwenye mfumo wa serikali. Miongoni mwa vitu wanavyopima imo sumukuvu hii hii yetu. Kikomo chao ni mikrogramu 20 kwa kilo, ilhali kiwango chetu cha mahindi ni 10 kwa aina zote za sumu hiyo kwa jumla, na 5 kwa aina moja iitwayo B1 peke yake.

Sisi tunaokula ugali karibu kila siku tunastahili uangalifu huo, tena zaidi. Mwaka 2004, mahindi yaliyoota ukungu katika sehemu za mashariki mwa nchi, hasa Makueni na Kitui, yaliwaathiri watu 317, na 125 kati yao wakafariki. Nilipoanza kazi ya ubora, makabidhiano ya sampuli yalikuwa yakiandikwa kwenye daftari moja la mapokezi, na sampuli ikipotea njiani hakuna aliyeweza kuonyesha ilipotelea mkononi mwa nani.

Sasa mambo yanakwenda hivi. Kabla sampuli haijatoka kinuni, naisajili kwenye simu: nambari ya gari, mahindi yalikotoka, unyevu tuliousoma getini, na uzito wa mfuko. Ile nafasi ya kundi la mavuno naitumia kutenganisha mahindi ya msimu huu na yale yaliyolala ghalani, na imenisaidia kuliko nilivyotarajia. Mfumo hutoa lebo yenye msimbo wa kuskani, nami naibandika kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa mahindi yenye unyevu yakifungiwa kwenye plastiki hutoa jasho na ukungu huendelea kukua humo humo. Kuanzia hapo, kila anayepokea huskani, hupima uzito na kuingia kwa jina lake. Anayerekebisha tarakimu yoyote hulazimika kuandika sababu, na tarakimu ya zamani hubaki ikionekana pamoja na jina la aliyeibadilisha.

Thamani ya utaratibu huo niliiona mwezi wa pili. Tulikuwa na lori lililotoka Tanzania kupitia Namanga, nami nilikuwa na haraka, kwa sababu tangu 2021 mahindi yanayoingizwa nchini yanatakiwa kuwa na cheti kinachoonyesha kiwango cha sumukuvu, na nilitaka kulinganisha majibu yetu na cheti alichokuja nacho muuzaji. Mfuko niliousajili kwa kilo 5.04 ulipofika mapokezi kwa bodaboda, mzani ukasoma 4.71. Nilikuwa nimeufuata nyuma kwa gari, nikamwomba dada wa mapokezi aandike uzito wangu ili kazi isikwame.

“Kaka, siwezi,” akanijibu kwa upole. “Nikiupokea hivi, tofauti itaandikwa na itatokea hadi kwenye cheti chako. Hebu tuugeuze kwanza.”

Tulipougeuza tukaona kona moja ya chini imechanika, na punje zimekuwa zikidondoka njia nzima. Pengine mtu atasema gramu 330 za mahindi hazibadilishi kitu. Hata hivyo, sumukuvu haisambai sawasawa ndani ya gunia: punje chache zinaweza kubeba sumu nyingi huku za jirani zikiwa safi, kwa hiyo hakuna anayejua punje zilizodondoka zilikuwa zipi. Tulirudi, tukachukua sampuli upya. Namshukuru dada yule, na naushukuru mfumo uliompa nguvu ya kumkatalia mteja.

Sasa nije kwenye malalamiko. Siku moja intaneti ilikatika tangu asubuhi, na mafundi wakafanya kazi yao kwa kuandika kwenye karatasi, jambo ambalo halina kosa. Jioni nilipofungua simu, nilikuta kusaga, kugawa sampuli, kuchuja na kusoma mashine vyote vimeandikwa kuwa vilifanyika saa kumi na moja na dakika 12. Mfumo ulikuwa umeandika saa ya kuingiza taarifa badala ya saa ya tendo. Kiwango cha ISO/IEC 17025 cha 2017, ambacho ndicho maabara hupimwa nacho zinapotafuta ithibati, kinataka uchunguzi uandikwe wakati ule ule unapofanywa. Karatasi za mafundi zilitimiza sharti hilo, lakini mteja hazioni, na siku nitakapobishana na muuzaji kuhusu shehena ya mamilioni ya shilingi, rekodi ya namna ile haitanisaidia. Niliomba saa hizo mbili zitenganishwe na picha ya karatasi iambatishwe. Walikubali mara moja, ila wiki sita zimepita na hakuna kilichobadilika. Ada ya ufuatiliaji ni shilingi 300 kwa sampuli, juu ya gharama ya kipimo. Siioni kuwa kubwa, lakini ni haki yangu kupata nilicholipia.

Upungufu mkubwa zaidi hauwahusu wao peke yao. Ufuatiliaji wote huu unaanza baada ya mahindi kuwa tayari mfukoni. Aliyechoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea punje, ni kijana wetu sisi, na ni yeye anayeamua achome magunia mangapi, achome juu tu au afike hadi katikati, aguse yaliyo mlangoni mwa lori au apande hadi ya nyuma. Sampuli ikichukuliwa vibaya, mfumo utaitunza kwa uaminifu kabisa hadi kwenye cheti kisicho na maana. Ndiyo maana ile kanuni ya California ya kumtuma mtu wa maabara imenikaa sana moyoni. Niliuliza kama nao wanaweza kufanya hivyo, nikaambiwa huduma hiyo ipo kwa malipo ya ziada, ila wateja hawaiulizii.

Nitaendelea na maabara hii, na mwenye kinu mwenzangu akiniuliza nitamwelekeza huko, kwa sharti kwamba adai saa za kweli kwenye kila hatua. Malipo ya ziada nimeyakubali. Lori kutoka Kitale linatarajiwa Jumanne, na mchukua sampuli wao atakuwa getini na bambo lake mwenyewe kabla gunia la kwanza halijashushwa.