Maboksi matupu ya Marangu: nilivyohangaika na jarida la barua pepe la duka letu

Mimi ndiye ninayeandika jarida la kila mwezi la duka letu la kahawa hapa Moshi. Duka lenyewe dogo: tunakaanga arabika ya wakulima wa Kibosho na Uru, tunafunga robo na nusu kilo, na wasomaji hawajafika mia tatu. Wengi wako Dar na Arusha, wengine ni wageni waliokuja kupanda mlima wakaondoka na paketi.

Nilianza na barua ya mapambo. Huduma tuliyojiunga nayo (siitaji jina, maana makosa mengine ni yangu) ina violezo vya kila namna. Unaburuta picha, unaweka nembo, unapachika kitufe cha kijani cha kuagizia. Kwenye kompyuta ya dukani ilipendeza mpaka bosi akaiprinti na kuibandika ukutani. Barua pepe, ukutani!

Kesho yake akapiga simu mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Marangu, mteja wetu wa siku nyingi. "Mwanangu, mbona mmenitumia maboksi matupu?" Nilikuwa na mzigo wake wa kilo tano, nikapanda daladala nikaenda kujionea. Kweli tupu. Simu yake ilizuia picha zisijifungue ili kuokoa bando, na mimi bei zote nilikuwa nimezichora ndani ya picha. Alichobaki nacho ni fremu nne za kijivu, na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, kiungo cha kujiondoa kwenye orodha. Yaani kitu pekee tulichofanikiwa kumwambia ni namna ya kutuacha.

Mwezi uliofuata nikahamia maandishi matupu. Hakuna nembo, hakuna rangi. Nikaanza na "Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu", nikaeleza mavuno yalivyoanza na kwa nini bei imepanda. Siku mbili, majibu kumi na moja. Zamani nikipata mawili nashukuru. Na watu wazima walianza jibu na "Marahaba" kabla ya kutaja kilo wanazotaka. Kitufe cha kijani hakijawahi kuniitikia hivyo.

Ila maandishi matupu nayo yana kero zake. Orodha ya bei niliipanga kwa kubonyeza nafasi nyinginyingi, ikanyooka kwangu, ikapinda kwenye simu, kwa sababu herufi za simu hazina upana sawa: bei ya robo ikaangukia nusu kilo. Pia hujui nani kafungua barua, kwani kuhesabu kunategemea kapicha kasikoonekana (kakipakuliwa, huduma inajua barua imefunguliwa), na maandishi matupu hayana pa kukaficha. Bosi alilalamika, mimi sikulia. Tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua vipicha hivyo yenyewe hata kama mwenye simu hajagusa barua, kwa hiyo wale wageni wetu wa iPhone tuliowasifu kuwa wasomaji hodari, nani ajuaye.

Sasa natumia njia ya katikati, na nimeichelewa. Barua ya mapambo inaweza kubeba ndani yake nakala ya maandishi matupu, na programu ya msomaji huchagua ya kuonyesha. Huduma yetu ilikuwa ikiitengeneza nakala hiyo yenyewe bila kuniuliza. Nilipoifungua nikakuta viungo virefu kama treni ya mizigo, neno kahawa hata kwa dawa halimo. Siku hizi naandika kwanza mwenyewe barua ya maandishi matupu, ikikamilika ndipo naivisha nguo: nembo moja ndogo, jedwali la bei la herufi za kweli, na kila picha na maneno yake mbadala, yanayosomeka picha isipofunguka. Inabaki nyepesi pia, maana Gmail huikata barua ambayo msimbo wake unapita kilobaiti 102, na msomaji hubaki na kiungo cha kufungulia sehemu iliyobaki.

Huduma yenyewe naipa tatu kwa tano. Inatuma kwa uhakika, lakini malipo ni kwa dola, na maneno yake ya chini ya barua yamegoma kugeuka Kiswahili.

Jarida la mwezi huu lilitoka Jumatatu. Kutoka Marangu: "Marahaba mwanangu, nimeona bei zote. Lete tano, na mbili ziwe za kusaga."