Antivirusi iliyokuja na Windows: miaka miwili kwenye kompyuta ya nyumbani kwetu

Kompyuta yetu ni Dell ya mezani, ya mtumba, tuliinunua laki tatu na nusu hapa Morogoro. Mimi ni mwalimu wa kemia. Juu ya mashine hiyo ndiko ninakochapa mitihani na kujaza alama. Mwanangu wa kidato cha tatu anasomea hapohapo, na baba watoto hufungua barua pepe zake usiku. Ninachotaka kukieleza ni Defender, antivirusi ya Microsoft inayokuja ndani ya Windows bila kulipia senti. Thamani yake niliijua siku nilipogundua kwamba kwangu ilikuwa imefungwa macho.

Ulikuwa msimu wa mitihani ya muhula. Nilitoka steshenari kutoa kopi, nikachomeka flashi nyumbani, nikakuta mafolda yangu yote yana kimshale kidogo pembeni. Nikabofya "Kidato cha Nne", folda likafunguka kama kawaida, nikaendelea na kazi. Kumbe ndipo ubaya ulipo. Kile kimshale ni njia ya mkato: ukibofya, kwanza inaendesha kirusi, halafu ndiyo inakufungulia folda lako ili usishtuke. Kufika jioni, flashi nyingine mbili za pale nyumbani nazo zilikuwa na vimshale.

Nikatazama ile ngao ndogo chini kulia: tiki ya kijani. Nikaagiza ikague mashine. Ikasema hakuna kitu.

Sikuridhika. Nikaingia kwenye Windows Security, nikafungua Virus & threat protection, kisha Manage settings, nikashuka mpaka chini kabisa palipoandikwa Exclusions. Hapo huorodheshwa vitu ambavyo antivirusi imekatazwa kuvigusa. Kwangu palikuwa na mistari miwili tu: C:\ na E:\. Yaani diski nzima ya mashine, pamoja na flashi inayochomekwa kama E. Mlinzi yupo getini, kaambiwa asiangalie ndani, na tiki ya kijani inaendelea kuwaka.

Nikampigia fundi aliyetuwekea Windows.

"Madam, ile niliiweka ili krak, ile programu ya kuifanya Windows ikubali bila leseni, isifutwe."

"Sasa mdogo wangu, mashine yangu inalindwa na nani?"

"Nunua antivirusi ya kulipia, madam."

Sikununua. Mwalimu mwenzangu wa kompyuta alinitengenezea flashi ya GB 8 yenye Windows safi kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, tukanakili kazi zangu pembeni, tukafuta kila kitu, tukaweka upya. Na hapa niliumia moyo: Windows ilipomaliza kuingia na kupata intaneti, ikajithibitisha yenyewe. Mashine nyingi za Dell, HP na Lenovo zilizotoka kiwandani na Windows 8 au matoleo ya baadaye zina ufunguo wa leseni ndani ya ubao mama. Ukiweka toleo lilelile, Pro kwa Pro au Home kwa Home, leseni inarudi. Krak iliyoifumba macho Defender haikuhitajika tangu siku ya kwanza. Tafadhali, kabla hujamruhusu fundi aweke krak, mwambie ajaribu hivyo kwanza.

Sasa nieleze ilivyofanya kazi ikiwa huru. Flashi ileile niliichomeka tena makusudi. Kabla sijafungua folda hata moja, ujumbe ukatokea pembeni mwa skrini kwamba tishio limeonekana, na vimshale vikaondolewa. Ila iliniacha na flashi inayoonekana tupu! Defender huua kirusi, haiyafichui mafaili ambayo kirusi kimeyaficha. Usiformati, mafaili yapo. Fungua Command Prompt, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E, bonyeza Enter, subiri. Mitihani yangu yote ilirudi.

Kwa mashine ya RAM ya GB 4 na diski ya zamani, ukaguzi kamili ni mateso. Niliuanzisha saa mbili usiku, saa sita ulikuwa bado unaendelea. Siku za kawaida ule wa haraka unanitosha. Nikiwa na wasiwasi natumia Offline scan, ambayo huizima mashine na kuiwasha upya, ikakagua kabla Windows haijaamka. Huchukua kama robo saa. Nimewasha pia Controlled folder access, kinga dhidi ya virusi vinavyofunga mafaili na kudai hela. Huja ikiwa imezimwa, uiwashe mwenyewe. Wiki ya kwanza ilinizuilia hata programu yetu ya alama isihifadhi kwenye Documents mpaka nilipoiruhusu, nami nasema usumbufu huo ni halali yake.

Sisi tunatumia bando la simu, na Windows ikijua hivyo hujibana kupakua. Kwa hiyo kila asubuhi nafungua Protection updates, nabofya Check for updates kwa mkono wangu.

Kuna kitu kimoja Defender haiwezi kukifidia, nacho ni Windows isiyosasishwa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta dunia nzima, pamoja na za hospitali za Uingereza, kwa kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba tangu Machi mwaka huohuo. Walioumia ni ambao hawakupakua kiraka. Mashine yetu ni ya Windows 10, ambayo huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yake haikubaliki kwenye Windows 11. Nimeiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa viraka hadi 13 Oktoba 2026 kwa akaunti ya Microsoft, bila kulipa. Taarifa za virusi za Defender zitaendelea kuja kwenye Windows 10 hata baada ya hapo, lakini hizo haziwezi kuziba matundu ya Windows yenyewe. Hela ambayo ningelipia antivirusi naiweka kando kwa mashine mpya zaidi.

Na haitamzuia mtu kumpa tapeli nywila yake kwa hiari. Hilo nimekaa na mwanangu tukaongea, na mafaili ya muhimu nayanakili kila Ijumaa kwenye diski ya nje, kisha naichomoa.

Naipa nyota nne. Moja naikata kwa sababu ya ile tiki ya kijani: kompyuta yenye diski nzima iliyosamehewa ukaguzi haistahili kuonyesha kijani.

Jumamosi iliyopita mama jirani aliniita nimwangalizie mashine yake, naye aliwekewa Windows na fundi wa mjini. Ngao ina tiki. Nikashuka mpaka Exclusions, nikakuta C:\. Tukaufuta ule mstari, akabofya ukaguzi, tukaenda jikoni kubandika chai. Tuliporudi na vikombe, ilikuwa imeshakamata vitu kumi na moja.