TAHADHARI: Padi "orijino" za PS3 za kuchezea kwenye kompyuta

Wadau wa gemu, hasa ninyi mnaocheza za zamani kwenye laptopu, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Instagram na padi anazoziita DualShock 3 (padi ya Sony ya PlayStation 3, yaani PS3) "orijino, mpya, hazijafunguliwa". Hela anataka kabla ya mzigo, na ya kutolea juu. Mimi ni fundi, na padi zake ndizo zinazoletwa mezani kwangu wiki hizi. Nimezifungua. Ni feki zote.

Kinachowanasa watu ni video yake. Anachomeka waya kwenye kompyuta ya Windows, taa zinawaka, anafungua gemu na kucheza papo hapo. "Umeona mwenyewe, chomeka ucheze!" Sasa sikilizeni, maana hapo hapo ndipo anapojiumbua. DualShock 3 halisi ukiichomeka kwenye Windows isiyo na draiva yake (programu ndogo ya kuiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa), jina la padi linatokea kwenye orodha ya vifaa, ila ukibonyeza vitufe hakuna kinachoendelea. Inasubiri iamshwe kwa amri ambayo PS3 inaijua na Windows haiijui. Feki nyingi zimetengenezwa zijitambulishe kama padi ya kawaida ya USB, ndiyo maana zinakubali bila shida. Kichekesho ni kwamba wauzaji wakweli wanarudishiwa padi halisi kwa madai kwamba "imekufa", na huyu anasifiwa.

Bluetooth nayo ni hivyo hivyo. Akikwambia uitafute hewani kama unavyotafuta spika, achana naye. DualShock 3 halisi haijitangazi namna hiyo. Lazima kwanza iunganishwe kwa waya ili iandikiwe anwani ya kifaa itakachokitii, ndipo uchomoe waya.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni vitufe vyenyewe. Tangu DualShock 2 ya mwaka 2000, padi za Sony za PS2 na PS3 zilikuwa zinapima nguvu ya kidole. Fungua Gran Turismo 3 kwenye PCSX2 (programu ya kuchezea gemu za PS2 kwenye kompyuta), hakikisha umeunganisha vitufe kwa namna inayosoma mkandamizo, halafu bonyeza X taratibu: gari linakwenda taratibu. Au Metal Gear Solid 2, ambako ukiachia kitufe cha mraba polepole mhusika anashusha bunduki bila kufyatua. Hizi nilizofungua zinajua mambo mawili tu, kubonyezwa na kuachwa. Gari linaondoka kwa gesi yote, na bunduki inalia kila mara. Nyingine hazina hata kihisi cha kuinamisha padi, wakati halisi inacho.

Na hiyo "mpya, haijafunguliwa"? Sony walisimamisha utengenezaji wa PS2 mwanzoni mwa 2013, na PS3 huko Japani ikafuata 2017. Padi halisi za leo karibu zote ni mitumba, zina mikwaruzo, na mimi naiamini iliyokwaruzika kuliko inayong'aa. Geuza nyuma usome namba ya modeli: DualShock 3 ni CECHZC2 na herufi mwishoni. Usiishie hapo lakini, stika inachapishwa popote.

Adapta za bei ndogo za kuchomekea padi ya PS2 kwenye USB siziiti utapeli. Zinafanya kazi, ila nyingi zinapoteza ule mkandamizo. Nunua ukijua hivyo.

Kibaya zaidi kinakuja baada ya mauzo. Ukilalamika kwamba padi inatetemeka bila kukoma au analogi (kile kijiti cha kidole gumba) inakwenda yenyewe, anakwambia unahitaji "draiva maalumu", uongeze elfu kumi, kisha anakutumia faili la exe kwa WhatsApp na kukuagiza uzime antivairasi kwanza. USILIFUNGUE. Draiva ya padi hizi kwa Windows ipo bure, inaitwa DsHidMini, na wanaotumia Linux tayari wanayo ndani ya mfumo wao. Kama ulishalifungua, chomoa intaneti, badilisha nywila zako kwa kutumia simu, na peleka kompyuta ikasafishwe.

Mliokwisha tuma hela na mzigo haujafika: pigieni mtandao wenu wa simu sasa hivi muombe muamala uzuiwe, kabla hajaitoa. Namba yake itumeni kwa meseji kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Msifute mazungumzo, na polisi mchukue RB (namba ya taarifa yenu). Kwa aliyepokea feki mkononi, suala la bidhaa bandia ni la Tume ya Ushindani, FCC.

Jina la ukurasa wake ameshalibadilisha, kwa hiyo mtambueni kwa video: meza ya kioo, waya mwekundu, na haonyeshi hata sekunde moja nyuma ya padi. Ukimuomba apige video ya Gran Turismo akibonyeza X kidogo kidogo, anakublock.