Huduma ya kuacha sigara kwa wajawazito Uingereza: kipimo kizuri, fomu yenye upungufu

Sifa ya kwanza ninayoipa huduma hii ni kwamba haimsubiri mama akiri kuwa anavuta. Mkunga humpima pumzi kila mjamzito katika hudhurio la kwanza, awe amesema anavuta au la, na kwa kuwa kipimo ni cha wote, hakuna anayejiona amenyooshewa kidole. Wifi yangu, niliyemsindikiza, aliambiwa avute pumzi, aizuie kwa sekunde kadhaa, kisha apulize taratibu kwenye kijibomba cha karatasi mpaka hewa imwishie. Namba ikatokea papo hapo.

Kinachopimwa ni kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani huku madirisha yamefungwa. Gesi hii hushika nafasi ya oksijeni kwenye damu ya mama, na mtoto aliye tumboni akapungukiwa. Kiwango kikifika sehemu 4 kwa milioni, mama huunganishwa na mshauri wa kuacha sigara, isipokuwa akikataa mwenyewe.

Namba ya wifi ilikuwa juu, ingawa hajawahi kushika sigara. Hapo ndipo kliniki tuliyohudhuria iliponisikitisha. Fomu iliuliza anavuta sigara ngapi kwa siku, naye akajibu kwa ukweli kabisa kwamba havuti hata moja, kisha mkunga akahamia kwenye boila ya nyumbani, yaani mtambo wa kupashia maji moto, ambao ukiwa mbovu nao hutoa gesi hii (swali la maana, sikatai). Shisha ya jioni, ambayo wengi wetu wa Pwani tunaoishi huku hatuihesabu kuwa uvutaji, haikuulizwa na mtu mpaka nilipoitaja mimi, ilhali makaa yake hutoa gesi hiyo kwa wingi.

Mshauri tuliyepelekwa kwake alikuwa wa namna nyingine. Hakuhubiri. Alieleza kwamba mwili wa mjamzito huiondoa nikotini haraka kuliko kawaida, kwa hiyo kibandiko cha nikotini kinachobandikwa kwenye ngozi huenda peke yake kisimtoshe mvutaji mzoefu, ndipo huongezewa chingamu ya nikotini. Kibandiko hubanduliwa wakati wa kulala, na varenicline, dawa nyingine ya kuacha sigara, hapewi mjamzito. Dawa zinazoandikwa na daktari ni bure kwa wajawazito wa Uingereza, na hilo si jambo dogo.

Kuna pia vocha za dukani kwa wajawazito wanaoacha sigara, ambazo wengine huzibeza kuwa ni hongo. Mimi siwaungi mkono. Katika utafiti wa Glasgow uliochapishwa mwaka 2015, wajawazito 612 waligawanywa makundi mawili, na walioahidiwa vocha za hadi pauni 400 waliacha kwa asilimia 22.5, dhidi ya asilimia 8.6 ya waliopata huduma ya kawaida. Malipo yalitolewa kwa awamu, na baada ya ile ya kwanza, kila awamu ilitaka pumzi ithibitishe.

Kasoro nyingine niliyoiona ni kwamba mume hakuulizwa chochote, na moshi wake unajaa sebule ileile anamokaa mkewe. Mwenye kwenda aombe mkalimani mapema, wakati wa kupanga miadi, na aitaje shisha bila kungoja kuulizwa.