Wakili aliyenicheka kwa kuwa sina kitu

Nyota moja, na hiyo yenyewe si yake.

Mambo haya ni ya baada ya Ramadhani, mjini Mombasa. Nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kumwona wakili ambaye kibao chake kinasema anashughulikia kesi za kufilisika. Ada ya kumwona hulipwa kwanza. Meseji ya M-Pesa isipoingia, mlango wa pili huupiti. Mkononi nilikuwa na bahasha ya kaki imejaa barua za wadai. Nilimdhamini ndugu yangu mkopo, duka lake la simenti likaanguka, naye sasa yuko Saudia na simu hashiki. Barua ya mwisho ilinitisha kwamba nitafungwa kwa deni hilo.

Wakili hata hakuifungua ile bahasha. Alikuwa kwenye simu, kiwanja cha Kilifi hiki, kiwanja cha Kilifi kile. Alipoiweka chini akaniuliza: “Mama, una nyumba?” Sina. “Gari?” Sina. “Shamba?” Sina. Basi akacheka, tena kicheko cha kweli, hadi karani akachungulia. “Sasa mama, utafilisika na nini? Kufilisika ni kwa wenye mali!”

Wallahi miguu iliniisha nguvu. Mtoto wangu wa kwanza ni rika lake. Na kicheko chenyewe nimekilipia!

Nikiwa ngazini nikasikia, “Shikamoo mama, ngoja kidogo.” Kijana anayejifunza uwakili pale pale ofisini. Akaketi nami kwenye kidato, akaipitia barua moja moja. Akaniambia Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina zaidi ya mlango mmoja. Unaweza kwenda mahakamani utangazwe muflisi, na kwa kawaida unaachiliwa na madeni yako baada ya miaka 3. Unaweza kupatana na wadai, au kupata amri ya kulipa kidogo kidogo. Halafu kuna njia ya mtu asiye na mali ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa. Hiyo haipiti mahakamani, ombi linakwenda kwa Mpokeaji Rasmi, ofisa wa serikali anayesimamia mambo ya ufilisi. Ukikubaliwa, wadai wa kawaida hawakugusi, na miezi 12 ikipita bila hila deni linafutwa. Deni la ulaghai halifutiki, na aliyeshika rehani haki yake iko pale pale. Deni nalo lina kiwango chake, likizidi hapo njia hiyo huipati.

Yaani lile nililochekwa ndilo sharti lenyewe! Huyu bwana mwenye joho amenicheka kwa kustahiki.

Haya, nisimwonee. Pengine kwa hati za viwanja ni hodari, na pengine siku ile alikuwa na lake moyoni. Tena yule kijana amefunzwa na nani kama si yeye? Nilikuwa nimeshaandika nyota tatu hapa. Halafu nikakumbuka alivyonifukuza: “Risiti mwambie karani, kama utaihitaji.” Kama nitaihitaji! Nimezifuta mbili.

Fomu tuliijaza na kijana siku nyingine, nauli yangu akaikataa. Ombi limepokelewa, nangoja jibu. Ukienda pale usilipe chochote. Keti benchi la nje, ngoja saa ya chakula cha mchana, ukimwona kijana mwembamba anashuka na chupa ya chai, huyo ndiye.