Kufunga sarafu kwa dola au kuiachia: Argentina na Brazili

Aprili 1991 Argentina ilifunga sarafu yake kwa dola, kwa sheria; kuanzia 1992, peso moja kwa dola moja. Baada ya mfumuko wa bei wa maelfu ya asilimia, nafuu ilikuwa kubwa. Mshahara wa asubuhi ulinunua mkate uleule jioni. Lakini benki kuu ilikuwa imejifunga mikono, haikuweza kuchapisha peso bila dola ghalani. Brazili iliposhusha thamani ya sarafu yake, real, mwaka 1999, bidhaa za Argentina zikawa ghali ghafla. Desemba 2001 serikali iliwawekea wenye akaunti kikomo cha kutoa peso 250 kwa wiki, na watu wakajaa mitaani Buenos Aires wakigonga masufuria. Januari 2002 ufungaji ukavunjwa.

Brazili iliachia real Januari 1999, soko likaipangia bei. Ilianguka vibaya, riba ikapandishwa hadi asilimia 45, mzigo mchungu kwa mkopaji. Hata hivyo mfumuko mwaka huo uliishia karibu asilimia 9, na Juni benki kuu ikaanza kulenga kiwango cha mfumuko wenyewe, badala ya bei ya dola. Mimi ningechagua njia ya Brazili: maumivu yake yalikuja mapema, na akiba za watu hazikufungiwa benki.